Nyuki Aliponyamaza

Siku Piusi alipoing'oa injini ya Nyuki, mkewe Marsela alimshukuru Mungu kwa sauti, bila kificho. Alikuwa amechoka. Huu ulikuwa msimu wa pili wa mahindi ile ndege ndogo ya kurushwa kwa rimoti ikivuma juu ya paa lake karibu kila jioni, ikimgutusha mtoto Sifa usingizini na kuacha harufu ya mafuta ya nyonyo kwenye nguo alizoanika. Jina la Nyuki ilipewa na majirani wa Ganako kwa jinsi ilivyolia. Majirani hao hao waliithamini kuliko redio zao, kwa sababu tembo wa msitu wa Ngorongoro wakitokeza kwenye ukingo wa mashamba, ikawapitia juu mara mbili tatu, walikuwa wakigeuza na kurudi msituni mikia juu.

Tatizo lilikuwa mafuta. Mzungu mzee aliyesimamia shamba la kahawa ndiye aliyempa Piusi ile ndege alipokuwa anarudi kwao, pamoja na madumu ya mafuta yake ya pekee, spiriti iliyochanganywa na nyonyo, ambayo Karatu hayauzwi na Arusha ukiyaulizia wanakushangaa. Dumu la mwisho lilikauka mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanabeba. Piusi, fundi redio na simu mwenye kibanda karibu na stendi, akajaribu petroli ya pikipiki. Injini ilikohoa, ikachemka, ikazima. Kuanzia hapo alikuwa analala na kuamka roho mkononi, maana mwaka ule nyumba yao haikuwa na chakula kingine zaidi ya kile kilichokuwa kimesimama shambani.

Hapo ndipo loji ilipomwita.

Loji hiyo ya watalii ilikuwa juu ya kilima, ikiyatazama mashamba yao kwa chini. Marsela alizoea kupeleka mchicha jikoni kwao, kwa hiyo aliifahamu njia, na aliwafahamu pia walinzi na tabia zao. Waliambiwa wasubiri kwenye geti la nyuma, lile la magari ya takataka. Wakasimama hapo juani, Piusi amevaa shati lake la kanisani, mpaka Sairowua, msimamizi wa loji, alipotoka na koti lenye nembo kifuani. Alikuwa kijana wa Kimaasai kutoka upande wa Endulen, mpole wa kusema, na kila alipoongea aligeuka kuangalia nyuma yake kama kuna anayemsikiliza.

"Fundi, karibu. Mama Sifa, karibu. Za nyumbani? Mzee mzima?"

"Mzima, tunashukuru."

"Sasa ndugu yangu, nitakuambia ukweli. Wageni wananilalamikia. Mtu ametoka kwao huko mbali, amekaa barazani na kinywaji chake anaangalia jua linazama, halafu ghafla, vuuu! Kuna mama mmoja aliniuliza nani anakata miti kwa msumeno."

"Hiyo imekwisha," Piusi alisema. "Mafuta hakuna. Hairuki tena."

"Najua. Na tembo je?"

"Tembo hawajapata habari kwamba mafuta yamekwisha."

Sairowua alicheka kidogo, akamwita mlinzi, na mlinzi akaleta boksi. Ndani yake kulikuwa na drone kubwa ya kupigia picha za filamu, ambayo mgeni mmoja aliiangusha kwenye miamba akaiacha. Mikono yake ilikuwa imevunjika, lakini mota zilikuwa nzima, betri nzima na chaja yake.

"Chukua," alisema Sairowua. "Ifanye ndege yako iende kwa umeme. Utachaji kwa sola, hutahangaika na mafuta tena. Ila sharti ni moja tu, isilie. Wageni wanalipia utulivu, fundi. Hicho ndicho tunachouza hapa."

Piusi alilipokea boksi kwa mikono miwili. Marsela naye alipiga goti kushukuru, pale pale kwenye mchanga wa geti la takataka. Baadaye goti lile lilikuja kumuuma rohoni kuliko mambo mengi aliyowahi kufanya maishani mwake.

*

Kazi Piusi aliifanyia uani, kwenye meza ya chakula waliyoitoa nje. Injini ilitoka na tangi lake. Mbao za puani zilikuwa zimelowa mafuta ya misimu yote, na Piusi alizisugua kwa spiriti na kitambaa mpaka zikakauka, la sivyo gundi isingeshika. Akakata kipande cha plaiwudi, akakitoboa, akakifunga puani, na juu yake akakaza mota moja ya ile drone. Betri aliisogeza mbele, akairudisha nyuma, huku akiinyanyua ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa, mpaka ikatulia bila kuinamisha pua wala mkia. Marsela alipita na ndoo yake ya maji, akapita tena bila ndoo, bila sababu. Alipenda kumwangalia mume wake akiwa hivi, ulimi nje kidogo, amesahau dunia.

Mzee Josephati, babake Piusi, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, uso ameuelekeza kwenye mlio wa koleo. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Mchana aliona mwanga na vivuli, na jua likishuka hata hivyo vivuli vilimkimbia.

"Umeshaitoa?" aliuliza.

"Nimeitoa, baba."

"Lete niishike."

Piusi akamwekea injini mikononi. Mzee akaipapasa, akaisogeza puani, akainusa.

"Hii ndiyo iliyokuwa inaniambia daangw wamekuja," alisema. Tembo alimwita kwa Kiiraqw siku zote, eti jina la Kiswahili halina uzito wake. "Ikilia najua, Josephati, ingia ndani. Isipolia najua jioni ni yangu, naweza kwenda kukaa kwenye jiwe langu. Sasa hii isiyolia, mimi nitaionaje?"

"Mimi nitakuambia, baba," Marsela alisema. "Tembo wakitokeza tu, nakuja mwenyewe nakushika mkono."

"Utakumbuka, binti yangu?"

"Baba! Mimi nikusahau wewe?"

Mzee akacheka, meno yake machache nje. "Haya. Hata kuku akitaga anatangaza, ninyi mmetengeneza ndege bubu."

Wakacheka wote. Marsela alimpenda yule mzee, na hili halikuwa jambo la kusema tu. Alipoletwa kutoka Buger akiwa mwali mgeni, asiyejua hata njia ya kwenda bombani, mawifi walimpima kwa macho na mama mkwe, Mungu amrehemu, alimpima kwa maneno. Mzee peke yake ndiye aliyemwambia, siku ya kwanza kabisa, "Hapa ukichoka, kaa." Na alipochoka alikaa, na mzee alikaa naye wakipukuchua mahindi. Sasa macho yalikuwa yamekwenda, lakini vidole vyake bado vilipukuchua kuwashinda wote.

Propela ya kwanza aliyoifunga Piusi ilikuwa ndogo. Alipowasha, mota ilitoa mlio mkali uliowafanya mbuzi wa jirani wavute kamba zao. Sairowua, aliyekuwa ameteremka kuja kusikiliza, alikunja uso.

"Fundi, hii ni ile ile."

"Nitabadilisha."

Akafunga propela kubwa zaidi, ya kuzunguka polepole, na mlio ukafa. Walipoijaribu kwenye uwanja wa shule, ndege ilipanda juu ya paa za madarasa, ikakata kona na kurudi, na kilichosikika kilikuwa mnong'ono tu, wa kitambaa kikipepea kambani. Wageni wawili watatu waliokuja na Sairowua wakapiga makofi. Mmoja akampiga Piusi picha akiwa ameibeba ndege, akaondoka bila kumuuliza jina.

"Hee, kama mwewe!" alisema jirani yao Germana, mikono kiunoni. "Baba Sifa, sasa wewe ni injinia."

Marsela alirudi nyumbani siku hiyo kifua mbele. Usiniulize kama kuna mtu uwanjani pale aliyejiuliza tembo wanaogopa nini hasa. Hakuwepo. Kila mmoja aliamini kwamba wanaogopa ndege.

*

Tembo walikuja siku ya Alhamisi, jua likiwa bado juu ya miti.

Marsela alikuwa jikoni anakoroga loshoro ya mahindi na mtindi. Alisikia mluzi wa Germana kutoka upande wa juu wa mashamba, akachungulia, akamwona Piusi tayari anakimbia na ndege kwapani, rimoti imeninginia shingoni. Akaepua chungu. Akajifuta mikono, akaenda moja kwa moja chumbani kwa mzee kama alivyoahidi.

Mzee alikuwa amelala. Alijilaza chali na koti lake la buluu, mdomo wazi kidogo, anapumua taratibu kama mtoto. Usiku uliotangulia kifua kilimsumbua na hakupata usingizi hata kidogo. Marsela alisimama mlangoni akiwa ameshanyoosha mkono wa kumwamsha. Nimwamshe nimwambie nini, aliwaza, lala tena? Si yuko ndani tayari? Acha apumzike. Nikaangalie mara moja tu, nirudi nikae naye.

Akamfunga Sifa mgongoni, akatoka.

Majirani walikuwa wamesimama kwenye uzio wa minyaa, kimya, kama watu walio kanisani. Hakuna aliyekuja na debe. Zamani kila nyumba ilikuwa na debe lake la kupiga na tofali lake la pilipili na kinyesi la kuchoma ili moshi uwafukuze tembo, lakini tangu Nyuki aanze kuruka, madebe yalirudi majumbani kuwekewa maharage. Tembo walikuwa wameshavuka mtaro. Lilikuwa kundi la majike na watoto wao, na walitembea kwa utulivu wa mtu aliyealikwa.

Kisha ndege ikapanda, na Marsela akasahau kila kitu. Ilikuwa nzuri, na hata baadaye hakuweza kulikana hilo. Jua lilipiga chini ya mabawa yake, ikapita juu ya mahindi bila kelele yoyote, ikainama, ikawaelekea tembo.

Tembo mmoja aliinua mkonga, akanusa upepo, akaushusha. Akang'oa bua la mahindi.

Ndege ikapita tena, chini zaidi. Jike kubwa likapiga masikio, likasogea hatua mbili kumkinga mtoto wake, likaendelea kula.

"Mbona hawaondoki?" aliuliza Germana.

"Ishushe, Baba Sifa! Ishushe zaidi!"

Piusi aliishusha mpaka ikakaribia kugusa vishada vya mahindi. Jasho lilikuwa linamtiririka. Marsela alimwona akitikisa kichwa, kwa namna alivyotikisa kichwa kibandani mbele ya redio iliyogoma. Mabua yalikuwa yanalala chini safu kwa safu, chakula cha mwaka mzima, na watu wakaanza kupiga kelele kwa midomo mitupu.

Ndipo Marsela alipoliona koti la buluu.

Mzee alikuwa ameamka. Alisikiliza, pengine, kama alivyosikiliza kila jioni. Hakusikia Nyuki. Kwa hiyo alichukua fimbo yake, akashika njia yake ya kila siku kwenda kwenye jiwe lake mwisho wa shamba, na kelele za watu zilipoanza alikuwa ameshafika katikati ya mahindi. Alisimama. Aligeuka huku, akageuka kule, hajui zinatoka wapi wala zinamwambia aende wapi.

"Baba!" Marsela alipiga yowe. "Baba, rudi! Rudi nyuma!"

Watu wote walikuwa wanapiga yowe. Katika yowe la watu wengi neno moja halisikiki.

Piusi alifanya kitu pekee kilichomjia. Aliileta ndege juu ya kichwa cha baba yake, akaizungusha hapo, chini, karibu, apate kujua. Mzee alikuwa ameinua uso, mkono ameukinga sikioni, anaitafuta sauti. Ndege ilikuwa juu yake kabisa, kivuli chake kinampita usoni, naye anasikiliza. Hivyo ndivyo Marsela alivyomwona kwa mara ya mwisho akiwa hai. Jike lenye mtoto likageuka, masikio wazi, na halikuchukua muda.

*

Walimzika Jumamosi, nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la mkewe. Padri alisema maneno mazuri. Watu walikuja kutoka Mbulumbulu na Buger, wakala, wakalala kwenye maturubai. Sairowua naye alikuja na mfuko wa mchele na sukari kutoka loji, akakaa na wanaume kwenye benchi, ameinamisha kichwa, na hakula kitu.

Afisa wa wanyamapori alifika siku iliyofuata na pikipiki, akiwa na fomu zake. Serikali hutoa kifuta machozi kwa waliouawa na wanyama, na Piusi aliambiwa ajibu maswali.

"Marehemu alikuwa shambani kwake au kwenye njia ya wanyama?"

"Shambani kwake. Unapaona."

"Ninapaona leo. Nauliza alikuwa wapi." Afisa hakuwa mtu mkali, alikuwa amechoka tu. "Na nimeambiwa kulikuwa na kifaa kinarushwa. Kina kibali?"

Piusi alitikisa kichwa.

"Fundi, nisaidie nikusaidie. Nikiandika kwamba wanyama walibughudhiwa na kifaa kisicho na kibali, hii fomu haifiki mbali."

"Hawakubughudhiwa," alisema Piusi. "Wangebughudhiwa, baba angekuwa hai."

Germana alikuwa anaosha sufuria karibu, na ulimi wake haukuwahi kujua kukaa.

"Lakini sisi watu ni wa ajabu," alisema. "Kule Mbulumbulu wenzetu wametundika mizinga kwenye uzio, tembo hawasogei, kila mtoto anajua tembo na nyuki hawapatani. Na kile kidege tulikiita Nyuki, kwa midomo yetu wenyewe. Halafu tukakiondolea kuvuma, tukapiga makofi."

Germana mwenyewe aliposikia alichokisema, aliacha sufuria majini akajifunika uso kwa kanga. Afisa alifunga fomu zake polepole, akasema atajaribu, akampa mkono kila mtu pamoja na Sifa.

Jioni kwaya ya jumuiya ilikuja kuimba, na spika ya kukodi ikawekwa uani. Marsela alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na Piusi simu ya mumewe ilipoita. Ilikuwa ile simu mbovu ya fundi ambaye hutengeneza za wenzake, inayotoa sauti ya nje hata usipotaka.

"Fundi, pole sana tena," sauti ya Sairowua ilisema. "Nisamehe. Naona haya hata kukuuliza. Nimeambiwa na wakubwa niulize tu, hiyo spika mtaizima saa ngapi?"

Piusi aliiangalia simu. Akasema, kwa upole wake wa kila siku, "Tutaizima sasa hivi." Akainuka akaenda kuizima. Kwaya ikaendelea kuimba kwa midomo, chini chini.

Marsela alitaka kulia, lakini alikuwa amelia siku zote hizo na machozi hayakuja. Piusi aliporudi kwenye mkeka alikaa bila kumgusa.

"Ile propela ndogo ilikuwa inapiga kelele," alisema. "Ningeiacha ile ile. Ni skrubu moja tu, Mama Sifa. Skrubu moja."

"Mimi niliingia chumbani kwake," Marsela alisema. Hakuwa amemwambia mtu. "Mkono huu nilikuwa nimeshaunyoosha. Nikasema acha apumzike. Nikaja kuangalia ndege."

Alingoja mumewe amwinukie, amtukane, amfukuze arudi Buger. Alitamani hivyo. Piusi aliuchukua ule mkono, akauweka gotini kwake, akaushikilia, na mabega yakaanza kumtikisika.

*

Maturubai yaliposhushwa na wageni kuondoka, walibaki wao watatu na robo ya shamba. Kiti cha kamba kilikuwa bado uani, na Marsela alikipita akienda bombani, akakipita akirudi. Nyumba zote za upande ule zilikubaliana kurudia madebe. Wakapangiana zamu za jioni na mahali pa kusimama kila mtu. Maharage yakamwagwa kwenye magunia.

Siku ya kwanza ya zamu, jua likiwa linaanza kushuka, Marsela aliichukua ndege kutoka juu ya kabati. Piusi alikuwa kibandani mjini. Marsela hakuwa fundi, lakini bisibisi aliijua. Alifungua mota, akachomoa betri, akavunja ile plaiwudi ilipokataa kutoka. Akavifunga vyote kwenye kanga pamoja na chaja, akamwacha Sifa kwa Germana, akapanda kilima.

Kwenye geti la nyuma mlinzi alimfahamu. "Mama Sifa, pole na msiba. Leo umeleta mchicha?"

"Niitie Sairowua."

"Ana wageni sasa hivi. Ndiyo saa yao ile."

"Basi nitamfuata."

Hakuwahi kupita geti lile bila kuambiwa. Mlinzi alinyoosha mkono, akauona uso wake, akaushusha. Marsela alipita jikoni, akapita kwenye korido yenye zulia, akatokea barazani. Wageni walikuwa wamekaa kwenye viti vya ngozi, glasi mikononi, hakuna anayeongea. Mbele yao mashamba ya Ganako yote yalikuwa yameanikwa kwenye jua la machweo. Aliiona nyumba yake. Aliliona kaburi pia, udongo wake bado mwekundu. Hakujua kwamba linaonekana kutoka pale.

Sairowua alimwahi kwa hatua za haraka zisizo na kishindo. "Mama Sifa," alinong'ona. "Mama, si hapa. Tuongee jikoni."

Marsela alifungua kanga, akaviweka vitu kwenye meza ya vinywaji, kati ya karanga na malimau.

"Hii ni mota yenu, hii betri, hii chaja," alisema, na hakunong'ona. "Nimewarudishia utulivu wenu."

"Mama, ile ilikuwa zawadi. Hakuna anayeidai." Macho ya yule kijana yalikuwa yamejaa maji. "Mimi ni mwajiriwa tu. Na kwetu pia kuna wazee, mama. Naapa sikujua."

"Hata sisi hatukujua," Marsela alimwambia. Hakuwa na hasira naye, na hilo lilimshangaza. "Tulikupigia goti."

Kule chini debe la kwanza lilianza kulia. Likafuatiwa na la pili, kisha upande wote wa juu wa mashamba ukaitikia, bati, sufuria, vifuniko, na sauti nyembamba ya Germana juu ya zote. Tembo walikuwa wametokeza. Kelele zilipanda kilima zikaingia barazani na kujaa mpaka kwenye glasi. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye kofia pana, aliinuka kitini, akaonyesha kule chini na kumuuliza Sairowua jambo kwa Kiingereza.

Sairowua alimgeukia Marsela.

"Anasemaje?" aliuliza Marsela.

"Anauliza hiyo ni nini."

"Mwambie ni sisi."

Akajifunga kanga yake kiunoni, akatoka kwa mlango wa mbele, na alipofika kwenye njia ya kushuka akaanza kukimbia. Debe lake alikuwa ameliacha uani, juu ya kiti cha kamba, na leo aliyepangiwa kusimama kwenye jiwe la mzee alikuwa yeye.